Uwindaji wangu wa kwanza wa nguruwe mwitu kwa upinde, ranchi ya Texas Kusini: naomba ushauri kabla ya Februari

MwanaWaKitui aliandika:

Ndugu zangu mnaoishi Texas, hamjambo. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Fort Worth, na mwezi wa Februari mimi na wenzangu wawili tumepanga kwenda kuwinda nguruwe mwitu kwa upinde katika ranchi moja iliyo kati ya San Antonio na Laredo. Ranchi hiyo ina ekari 12,000, na tutakaa huko siku 3. Sijawahi kuwinda mnyama yeyote maishani. Babu yangu alikuwa mpiga upinde hodari, kama walivyokuwa Wakamba wengi wa rika lake, lakini Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, uta wake ulitundikwa ukutani na haukushuka tena. Baba yangu hakufundishwa, nami sikufundishwa.

Upinde wangu ni wa kisasa wenye roda, na uzito wake wa kuvuta ni ratili 55, yaani kilo 25 hivi. Nimekuwa nikipiga shabaha tangu Juni. Kwa umbali wa yadi 20 karibu mishale yangu yote huingia ndani ya duara lililo sawa na kisahani cha chai, lakini kwa yadi 40 mishale hutawanyika. Tulichagua upinde kwa ajili ya babu, na pia kwa sababu mwenzetu mmoja yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya Marekani inamwekea mtu wa viza hiyo masharti magumu ya kushika bunduki, ilhali upinde hauhesabiwi kuwa bunduki.

Naomba kufahamishwa mambo haya. Je, tunahitaji leseni? Je, ni afadhali kukaa kibandani na kuvizia, au kutembea na kunyatia, maana mimi natamani sana kunyatia? Mshale ulenge wapi hasa, kwa kuwa maelezo niliyoyasoma yanapingana? Na nyama tuishughulikie vipi mpaka ifike Fort Worth salama? Jambo hili la mwisho lina uzito kwangu, kwa sababu mke wangu ameniambia waziwazi kwamba mnyama akiuawa na nyama yake ikaharibika, hiyo itakuwa safari yangu ya mwisho, nami nakubaliana naye. Vilevile nyumba tunayoishi tunachangia na familia ya Kiislamu kutoka Mombasa, na friza ni moja.

BabaNeema_SanAntonio alijibu:

Mwanangu, salamu zimefika. Nimewinda nguruwe huku kwa zaidi ya miaka 15, mara nyingi kwa upinde, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu nilipoanza mimi hapakuwa na mtu wa kuniambia haya kwa lugha yangu.

La leseni ni jepesi. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, mtu yeyote, awe mkazi wa Texas au mgeni, anaruhusiwa kuwinda nguruwe hawa katika ardhi ya mtu binafsi bila leseni ya uwindaji, mradi mwenye ardhi amekubali. Hakuna msimu wala kiwango cha juu cha idadi. Katika ardhi ya umma leseni inahitajika. Sheria imelegezwa hivyo kwa sababu nguruwe hawa si wanyama wa asili ya nchi hii. Waliletwa na Wahispania katika karne ya 16 wakiwa nguruwe wa kufugwa, wakatorokea porini, na katika miaka ya 1930 watu wakaachilia nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwindwa, wakachanganyika. Leo wanakadiriwa kuzidi milioni moja na nusu katika jimbo hili, nao wamo karibu katika kaunti zake zote 254. Wanafukua mashamba, wanachafua vijito, na wanakula mayai ya ndege wanaotaga chini. Hata hivyo, omba kibali cha mwenye ranchi kwa maandishi, kiwe na majina yenu wote watatu na tarehe.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Katika vichaka hivyohivyo mtakavyokwenda anaishi mnyama anayeitwa javelina. Kwa mgeni anafanana sana na nguruwe mdogo, lakini si nguruwe. Ni mnyama wa asili anayelindwa kwa msimu, leseni na idadi maalumu, na kumpiga kwa kudhani ni nguruwe ni kosa. Ana mstari mweupe unaozunguka shingo mithili ya kola, na mkia wake ni mfupi kiasi kwamba huuoni, wakati nguruwe ana mkia unaoonekana wazi. Wakati wa machweo kola hiyo haionekani vizuri. Ukiwa na shaka yoyote, usivute ugwe.

Kuhusu ukubwa wa ranchi, usibabaishwe na ekari. King Ranch, iliyoanzishwa mwaka 1853 huko pwani ya kusini, ina ekari zipatazo 825,000, karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja, lakini nguruwe hawajasambaa ndani yake kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Wanakaa penye maji, matope ya kugaagaa na vichaka vizito, kwa sababu hawana uwezo wa kutoa jasho la kutosha kupoza mwili. Kwa hiyo muulize mwenye ranchi maswali ya mahali na ya siku: kijito kiko wapi, ardhi imefukuliwa wapi wiki hii, miti gani ina matope mabichi yaliyosuguliwa, na wawindaji wa mwisho waliondoka lini. Hilo la mwisho ndilo la maana zaidi. Nguruwe waliosumbuliwa mno huacha kutoka mchana na kuanza kula usiku tu, na ranchi inayopokea wawindaji kila wikendi inaweza kukupa siku 3 za kutazama mahindi yakiliwa na ndege. Uliza pia kama eneo lina uzio mrefu au ni wazi, kama kutakuwa na wawindaji wa bunduki siku hizohizo, na kama nguruwe aliyejeruhiwa asipatikane anahesabiwa katika malipo.

Nguruwe ana macho dhaifu, masikio mazuri, na pua ambayo huwezi kuidanganya. Kwa mwindaji wa mara ya kwanza mimi nasema kaa kibandani, karibu na mashine inayomwaga mahindi kwa saa maalumu asubuhi na jioni, yadi 20 au chini ya hapo, upepo ukitoka kwa nguruwe kuja kwako. Upepo ukigeuka, ondoka kabla hawajafika, hata kama umekaa saa mbili. Wakikunusa mara moja, kundi zima linajifunza kwamba kibanda kile ni hatari, na utakuwa umewaharibia wenzako pia.

Kuhusu kulenga, hapa ndipo nilipokosea mimi. Nguruwe wangu wa kwanza nilimlenga nilipozoea kuona watu wakimlenga paa wa huku, nyuma kidogo ya bega na katikati ya mwili. Mshale uliingia vizuri, akakimbia, nami nikafurahi. Tulimtafuta mpaka saa sita usiku na kutwa nzima ya kesho yake, hatukumpata. Baadaye mzee mmoja mfugaji alinipasulia nguruwe mwingine ubavu mbele yangu, akanionyesha kwa kidole. Moyo uko chini sana, karibu na kiwiko cha mguu wa mbele. Mapafu ni mafupi na yamesogea mbele, hayafiki nyuma kama ya paa. Mimi nilikuwa nimempiga tumboni. Wazee waliosema mkuki kwa nguruwe ni mtamu walijua vyema kwamba kwake yeye si mtamu, na mnyama yule alikufa polepole mahali nisipopajua kwa sababu sikuwa nimejifunza.

Fuata basi mstari wa nyuma wa mguu wa mbele, upande nao hadi theluthi ya chini ya mwili, na ulenge hapo hapo. Usirudi nyuma hata upana wa kiganja. Pigo zuri kuliko yote ni la mnyama aliyesimama ubavu lakini ameanza kukupa mgongo kidogo, mguu wa upande wako ukiwa umetangulia mbele. Hapo lenga ili mshale upite kuelekea mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikutazama usoni, subiri. Akija kwa pembe akielekea kwako, subiri. Dume mzee ana ngao ya tishu ngumu kama gegedu juu ya mabega, yenye unene unaoweza kuzidi sentimita 2, inayomkinga anapopigana na madume wenzake, na upinde wa ratili 55 ukipiga bega kutoka mbele utamjeruhi tu. Tumia mshale mzito, usiopungua greini 450 (kama gramu 29) pamoja na kigumba chake, na kigumba kiwe cha makali yasiyokunjuka. Vigumba vinavyofunguka vikigonga hutumia nguvu kujifungua, na kwa uzito wako wa kuvuta huna nguvu ya ziada ya kutoa.

Wewe umesema kwa yadi 40 mishale hutawanyika. Mpaka wako basi ni yadi 20, na mpango wote wa safari ujengwe juu ya yadi hizo 20. Kuanzia leo fanya mazoezi ukiwa umekaa kwenye kiti kifupi, umevaa koti utakalolivaa, ukipiga kupitia tundu la ukubwa wa dirisha la kibanda, kwa vigumba vilevile utakavyowindia. Na kila siku uhesabu mshale mmoja tu, ule wa kwanza kabla mwili haujapata moto.

Mnyatiaji_wa_Taita alijibu:

Namheshimu sana Baba Neema, na aliyoyasema kuhusu kulenga ningependa kila mgeni ayasome mara mbili. Lakini kuhusu kunyatia naomba kutofautiana naye kidogo.

Kati ya wanyama wote wakubwa wa huku, nguruwe ndiye anayemfaa zaidi anayejifunza kunyatia, kwa sababu zilezile alizozitaja mzee. Kundi linalokula hupiga kelele, hugombana, vichwa viko chini, na macho hayaoni mbali. Upepo ukiwa usoni pako na hatua zako zikienda pamoja na kelele zao, unaweza kufika yadi 20 bila kuonekana. Mimi nimefika yadi 12. Kinachowashinda wengi ni haraka. Wanatembea mwendo wa mtu anayekwenda dukani, wakati mita 100 za mwisho zinaweza kuchukua saa nzima.

Kwa kuwa mna siku 3, pendekezo langu ni kukaa kibandani alfajiri na jioni kama alivyosema mzee, halafu mchana, kama saa nne hadi saa tisa, mtembee mmoja mmoja kando ya kijito kikavu mkiwatafuta waliolala kivulini au kwenye matope. Hata usipopiga mshale, utajifunza ardhi. Sharti ni kwamba kila mtu awe na sehemu yake iliyopangwa kwenye ramani, asivuke kuingia ya mwenzake, na atakayekuwa kibandani asitoke mpaka gari lije kumchukua.

Angalieni pia mipaka. Katika Texas, alama ya rangi ya zambarau iliyopakwa wima kwenye mti au nguzo ina nguvu sawa na kibao cha kukataza kuingia. Nguruwe akivuka seng'enge na mshale wako mwilini, huruhusiwi kumfuata mpaka mwenye ardhi ya upande wa pili akubali. Ombeni namba ya simu ya jirani kabla ya kuanza. Na mvae buti ndefu, kwa sababu Februari huwa na siku za joto kusini huko, na nyoka wenye njuga mkiani hutoka kuota jua.

MamaZawadi_Houston alijibu:

Mwanangu wa Kitui, mkeo amesema neno la haki. Mimi ni muuguzi, na mume wangu huleta nguruwe nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka, hivyo nitajibu la nyama peke yake.

Hawa si nguruwe waliokaguliwa na daktari wa mifugo. Wanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ule unaoitwa brusela, ambao humpata binadamu kupitia damu na majimaji ya mnyama yanapogusa jeraha, macho au mdomo. Unaleta homa inayokuja na kuondoka kwa wiki nyingi, maumivu ya viungo na uchovu, na daktari asiyejua kwamba umewinda anaweza kuchelewa kuutambua. Kwa hiyo vaeni glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono, pamoja na miwani, tangu mnapomgusa mpaka mmalize kuosha visu. Anayejikata aache kazi aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi. Mtu akipata homa katika wiki au miezi itakayofuata, amwambie daktari waziwazi kwamba alichuna nguruwe mwitu.

Kugandisha nyama hakuui vijidudu vya brusela, na wala msitegemee friza kuua minyoo. Kinachoua ni moto. Ndani kabisa ya mnofu joto lifike nyuzi 71 za Selsiasi, na mpime kwa kipimajoto cha nyama, kwa sababu rangi inadanganya. Nyama hii haina mafuta mengi kama ya dukani, kwa hiyo inafaa kupikwa polepole na mchuzi. Sisi huipika na nyanya, tangawizi na vitunguu vingi kwa saa tatu.

Jambo lingine linalopaswa kuulizwa kabla ya kulipa ni kama ranchi hiyo au majirani zake wanatumia chambo chenye warfarin, yaani sumu ya kuwaua nguruwe. Chambo hicho hutiwa rangi, na nguruwe aliyekila mafuta yake hugeuka kuwa ya buluu. Ukipasua ukakuta mafuta ya buluu, msile nyama hiyo wala msimpe mbwa.

Chagueni mnyama wa ratili 60 hadi 100, hasa jike. Najua vijana hutamani dume mwenye pembe ndefu za mdomoni, lakini dume mzee ana harufu ambayo hata limau halitaiondoa. Akishaanguka, utumbo utoke mara moja, ngozi ivuliwe, na nyama ipoe ndani ya saa chache. Uliza kama ranchi ina chumba baridi. Kama haina, nunueni barafu nyingi kuliko mnavyofikiri mnahitaji, muiweke nyama ndani ya mifuko, na maji ya barafu yawe yanamwagwa njiani ili nyama isilowe. Kutoka huko mpaka Fort Worth ni safari ya saa tano au sita, kwa hiyo nyama isipate joto garini.

Kuhusu familia ya Mombasa, usiwafichie wala usisubiri mpaka urudi. Waambie kabla ya kwenda. Ungekuwa jirani yangu, ningekutaka upeleke nyama yote kwenye friza nyingine, hata kama ni ndogo ya kununua kwa mtu, pamoja na visu na ubao wake wa kukatia. Usiweke kifurushi hata kimoja kwenye friza mnayochangia, hata kikifungwa mara tatu. Kwao jambo hili ni la dini, na amani ya nyumba mnayoishi pamoja haipimwi kwa kilo za nyama.

MwanaWaKitui aliandika:

Baba, Mama, na kaka wa Taita, asanteni mno. Nimewasomea wenzangu majibu yote kwa sauti.

Tumebadilisha mpango. Nimempigia simu mwenye ranchi, akaniambia kundi la mwisho la wawindaji litaondoka wiki 3 kabla yetu, hapatakuwa na bunduki siku zetu, na hatumii chambo cha dawa, wala majirani zake wawili hawakitumii kwa kadiri anavyojua. Ana chumba baridi. Tutakaa kibandani alfajiri na jioni, na mchana wa siku ya pili na ya tatu tutanyatia, kila mtu na upande wake. Nimeagiza vigumba vya makali yasiyokunjuka na mishale mizito zaidi. Nimezungumza pia na Bwana Mombasa, ambaye alinishukuru kwa kumwambia mapema, na rafiki yetu wa kanisani ametupa nafasi kwenye friza yake.

Limebaki swali moja linaloninyima usingizi tangu nisome habari ya nguruwe wa kwanza wa Baba Neema. Ikiwa nitapiga jioni, jua likiwa limezama, na sina hakika mshale umeingia wapi, nifanye nini?

BabaNeema_SanAntonio alijibu:

Hilo ndilo swali nililotamani uulize, mwanangu.

Kwanza, usitoke kibandani. Ukishaachia mshale, tazama mahali alipokuwa amesimama na mahali ulipomwona mara ya mwisho, uchague mti au jiwe la kukumbuka kila mahali, na usikilize. Nguruwe aliyepigwa vizuri mara nyingi huanguka ndani ya mita 100, na utasikia vichaka vikivunjika, kisha kimya. Kaa nusu saa kamili, ukiipima kwa saa yako.

Kisha nenda mpaka mshale ulipo, usiende kwa nguruwe. Mshale utakueleza. Damu nyekundu yenye mapovu ni ya mapafu, na hapo unaweza kufuata. Damu nyeusi inaashiria ini, subiri saa tatu au nne. Ukikuta ute wa kijani au harufu ya kinyesi, umepiga tumbo, kama mimi. Hapo rudi kambini kimyakimya na umwachie saa sita au zaidi, mpaka alfajiri ikibidi, kwa sababu ukimsukuma akiwa bado na nguvu atakwenda mbali na hutamwona tena. Najua nyama inaweza kuharibika au kuliwa na mbweha wa huku kabla ya asubuhi. Usiku wa Februari kwa kawaida huwa na baridi, na hiyo inakusaidia kiasi.

Usitegemee kuona damu nyingi ardhini. Mafuta ya nguruwe huziba tundu na manyoya yake hunyonya damu, na mara nyingi tone la kwanza hulikuti ila baada ya mita 20 au 30. Chukua utepe mweupe wa karatasi, ufunge kipande kwenye kila tone unalolipata, na mtu mmoja asimame kwenye tone la mwisho mpaka mwenzake apate linalofuata. Ukipotea, geuka utazame nyuma: vile vitepe vitakuonyesha mstari aliokuwa akiufuata, na mara nyingi mstari huo unaelekea kwenye maji.

Mkiingia kwenye kichaka kizito usiku, msiingie peke yenu. Mwite kijana wa ranchi anayeyajua mapito, aje na taa kali na bunduki yake, kwa sababu dume aliyejeruhiwa anaweza kugeuka na kushambulia kwa kimo cha paja lako, palipo na mshipa mkubwa wa damu. Mkubaliane naye kuhusu hilo mchana, kabla hamjakwenda kibandani, na uwe na namba yake mfukoni iliyoandikwa kwenye karatasi, maana katika bonde la kijito simu haishiki mtandao. Panda hadi kwenye barabara ya changarawe ndipo umpigie.